Kuuliza Kipimo Si Kukikana



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya moyo. Si moyo ule tuutajao kila siku chuoni kuwa ni makao ya nia, bali huu wa nyama, upigao kifuani usiku na mchana bila ya kupumzika. Nao pia ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikaa barazani Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe, tukanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu. Ghafla tukakumbuka kuwa tumeahidiwa kupimwa presha. Tukaenda mbio vichochoroni, tukapanda ngazi, na mara tulipoketi tukafungwa mkanda juu ya mkono wa kanzu, huku mpimaji akituuliza habari za watoto nasi twamjibu. Kikatoka kipimo cha 172 kwa 104. Tukaambiwa, "Mwalimu, una maradhi makubwa." Tukarudi nyumbani miguu haina nguvu.

Nyumbani tukapata rai mbili. Jirani mmoja alituletea vidonge vyake mwenyewe, akasema vimemfaa. Wa pili akasema, "Mashine hizo zaongopa. Itupe karatasi hiyo, umtegemee Mungu." Tulikaribia kuifuata rai hii ya pili, kwani nafsi hupenda kuambiwa kuwa ni nzima. Lakini mama watoto akauliza, "Mtoto chuoni akikosea aya mara moja, humwandika kuwa hajui, au humsikiliza tena?" Tukanyamaza.

Hakika dini yetu imetufundisha kuwa habari nzito huhakikishwa kabla ya kutendewa kazi. Na kuhakikisha si kukadhibisha.

Hata kipimo chenyewe kilihitaji kuhakikishwa. Tabibu wa Kitaliana, Scipione Riva-Rocci, alitoa kipimo chake cha mkanda mwaka 1896. Lakini mkanda wake ulikuwa mwembamba mno, na mwaka 1901 Mjerumani Heinrich von Recklinghausen akabainisha kuwa wembamba ule ulizidisha hesabu. Mpaka leo, mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, presha yake huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Basi mwenye kwenda kupimwa na azingatie haya. Asinywe kahawa wala kuvuta tumbaku kwa nusu saa kabla yake. Aende haja ndogo kwanza. Aketi kimya dakika tano, ameegemeza mgongo, miguu chini bila ya kuipandanisha. Mkono uwe wazi, umewekwa juu ya meza, usawa wa moyo. Tena asizungumze mpaka kipimo kiishe.

Na karatasi ya damu nayo yafaa kusomwa kwa makini. Hapa Unguja akina Khamis Juma na Mohamed Ali ni wengi. Tazama majina yote matatu, umri na tarehe kabla hujaingiwa na hofu. Tena hutokea chembe za damu zikapasuka ndani ya kichupa, kiasi cha potasiamu kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo mwilini, na potasiamu ikizidi kweli huuhatarisha moyo. Muulize daktari kwa adabu: "Je, jambo hili laweza kupimwa tena?" Daktari mwema haoni swali hilo kuwa ni utovu wa heshima.

Nasi tulipimwa tena kwa siku tatu mbalimbali, kwa utaratibu huo. Tukapata 150 kwa 94, kisha 148 kwa 92, kisha 152 kwa 94. Alhamdulillah, zilikuwa pungufu ya ile ya kwanza. Illa zote zi juu ya 140 kwa 90, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa ni maradhi kikionekana katika siku mbili mbalimbali. Kumbe karatasi ile ilikosea kiasi, haikukosea jambo. Lau tungaliitupa, tungalilea adui asiyepiga hodi, maana presha aghlabu haiumi mpaka siku iletapo kiharusi. Na lau tungalimeza vidonge vya jirani, tungalitumia dawa aliyopimiwa mwingine.

Sasa twatumia dawa tuliyoandikiwa sisi, kila siku, hata siku tujionapo wazima. Ukifika mwezi wa Ramadhani humwendea daktari mapema atupangie saa za dawa, wala hatuiachi kwa rai yetu. Chumvi tumeipunguza: Shirika hilo lataka isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika papa, ng'onda na achari. Na kila jioni twatembea kwa miguu hadi Forodhani na kurudi.

Lakini tahadharini, ndugu zetu. Mwenye kubanwa na kifua, kukosa pumzi, kupinda mdomo au kulegea mkono upande mmoja, huyo hangoji kipimo cha pili. Apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo presha ifikapo 180 kwa 120, usilale nayo nyumbani; muone daktari siku hiyo hiyo.

Basi ukipewa karatasi iliyokushtua, usiiabudu wala usiichane. Irudishe, uliza, upimwe tena. Kisha ukweli ukidhihiri, uufuate, ujapokuwa mchungu kuliko kahawa.