Mchumba, Mahari na Gitaa Kavu

Leo sina ushauri wa kumpa mtu, maana mwenye kesi ni mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita mchumba wangu alikuja nyumbani, hapa Mpanda, kabeba gitaa kavu mgongoni. La mtumba, lakini si la bei ya kitoto. Nikamuuliza hela katoa wapi. Kimya. Nikajua tu, kagusa hela ya mahari! Shosti, niliwaka. Nikamwambia achague, gitaa au mimi. Hakunijibu. Aliniachia memori kadi mezani, akaondoka na gitaa lake.

Siku tatu hatukusemeshana. Ya nne nikapanda treni kwenda Tabora, na kipande cha Mpanda hadi Kaliua mnakijua, ni miombo kwa miombo na mtandao hamna. Kwa kukosa la kufanya nikachomeka ile kadi kwenye simu. Ndani mlikuwa na albamu moja tu, Mwanzo, ya Sauti Sol.

Mimi Sauti Sol niliokuwa nawajua ni wa kuchezwa kwenye harusi. Hawa ni wengine kabisa! Albamu hii, ya kwanza kwao, ilitoka mwaka 2008. Bien, Savara na Chimano walianza kuimba pamoja wakiwa sekondari ya Upper Hill, Nairobi, sauti tupu bila vyombo. Baadaye Polycarp Otieno akaja na gitaa. Na ndivyo inavyosikika: sauti zimepangwa kama kwaya, gitaa linatembea chini yake taratibu. Lazizi ni wimbo wa mapenzi, Blue Uniform unawasema polisi. Kusema ukweli kuna nyimbo mbili tatu nilizirusha, vijana walikuwa bado wanajitafuta.

Ila lile gitaa, jamani. Mchumba wangu alishawahi kunieleza habari zake, mimi nikawa nachati huku naitikia "ehee". Alisema upigaji wa kudonoa nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada ulivuma kutoka Katanga, kwa watu kama Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Mwaka 1959 Mwenda akafika Nairobi, vijana wa kule wakamuiga. Wajaluo nao wakahamishia mdundo wa nyatiti kwenye gitaa, ikawa benga. Na gwiji mmoja wa benga, D.O. Misiani, alizaliwa huku kwetu, upande wa Shirati, akafariki mwaka 2006. Kwenye vidole vya Polycarp mimi niliwasikia wazee hao kwa mbali.

Sasa simama Karema, mkoani kwetu Katavi, utazame ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Upande ule ndiyo Katanga ya zamani. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa Karema, na alipiga hivyohivyo, kwa vidole viwili. Gitaa lake aliliuza ili mwanaye alipiwe ada ya sekondari. Niliambiwa haya tangu tunaanza uchumba. Nimeyakumbuka ndani ya treni, tena baada ya kumtukana mtu!

Nilipofika Tabora nikampigia. Nikaomba msamaha, halafu nikamwambia hela ya mahari naidai palepale, kama alivyotoa airudishe, na washenga waje tarehe ileile. Akasema ameshaanza kuirudisha, anapeleka asali kwa wateja jioni baada ya kazi. Nikamwambia anipokee stesheni Alhamisi, na aje nalo.

Alikuja nalo. Hajui kupiga, nyuzi mbili hazijakaa sawa, na tulitembea hadi nyumbani watu wakitushangaa.

Mjomba, ambaye ndiye atakayepokea mahari, bado hajaambiwa kitu. Mkikutana naye sokoni, tafadhali, mimi sijawaambia.