Shukrani Si Uhakiki: Uhuru wa Watumwa Usomwapo Kajiado

Imekuwa ada kwa wahakiki wa nathari ya Kiswahili kukitaja kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934), katika aya moja ya historia ya fasihi, kisha kukifunga. Huitwa kitangulizi cha riwaya, au hulaumiwa kwa kuwasifu Waingereza. Swali la msingi haliulizwi: neno "uhuru" katika anwani ile lina maana gani, na nani aliyepewa mamlaka ya kulifasiri?

Wanaokijadili wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza humsadiki msimulizi bila kumhoji. Kwao, utumwa ulikomeshwa na manowari za Uingereza, na Sir Bartle Frere aliyefika Unguja mwaka 1873, na wamishenari walioanzisha Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875. Kambi ya pili hukitupa kitabu kwa jina la kupinga ukoloni, na baadhi ya wafuasi wake huishia kudai kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mwepesi, mtumwa akiishi kama mwana wa nyumbani. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa. Kuyaita mateso ya mzazi wake kasumba tupu ni uhakiki usio na haya.

Kambi hizi zinazopingana zina kosa moja: zote zimemnyima mtumwa utendaji. Aliyeishi kama mwana wa nyumbani hakuwa na sababu ya kutoroka. Aliyengoja manowari hakuwa na haja ya kutoroka. Hata hivyo watoro wa Fuladoyo na Makongeni, bara ya Malindi, walijijengea vijiji vyao miongo kadhaa kabla ya sheria ya kukomesha utumwa. Huko Rabai, mtu aliyesimamia kituo kilichowapokea watoro katika miaka ya 1880 alikuwa William Jones, mwenyewe aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa India. Vuguvugu la kukomesha utumwa lilikuwa na miguu ya Kiafrika.

Lilikuwa pia na hesabu zake. Mkataba wa 1873 ulifunga masoko na biashara ya baharini. Haukumtoa mtu hata mmoja shambani. Unguja na Pemba zilingoja hadi 1897, na pwani ya Kenya hadi 1907. Fidia ilipotolewa, ilitolewa kwa mabwana. Kisha Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ikawathibitishia wenye mashamba milki zao, na wengi waliokuwa watumwa wakabaki maskwota katika ardhi waliyoilima. Uhuru huo ulimwondoa bwana, haukuleta shamba.

Ukimya huo juu ya ardhi huonekana wazi zaidi kitabu kisomwapo Kajiado, na sababu ni ya kihistoria. Mwaka ule ule wa 1934 ilitoka ripoti ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter. Hizi ni matini mbili za mwaka mmoja na himaya moja. Ya kwanza inaishukuru serikali kwa uhuru. Ya pili inapima nani astahili ardhi gani. Kwa Mkataba wa 1904 Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa kwa ahadi kwamba Laikipia na eneo la kusini vingekuwa vyao daima. Kwa Mkataba wa 1911 walitolewa Laikipia pia, wakasukumwa kusini, katika nchi ambayo leo ni Kajiado na Narok. Ole Njogo na wenzake walishtaki. Kesi ikatupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ile haikuwa ya kuamuliwa na mahakama. Serikali iliyojisifu mwaka 1907 kwamba mahakama zake hazimtambui tena mtumwa, miaka sita baadaye ilimwambia Mmaasai kwamba mahakama zake hazimsikii.

Itasemwa kwamba Wamaasai hawakuwa watumwa, na kwamba mambo haya mawili hayalingani. Ni kweli, wala hailazimu yalingane. Hoja ni kwamba mtoaji wa uhuru pwani ndiye mnyang'anyi bara, na msomaji anayeujua mkono wa pili hawezi kuusoma wa kwanza kama zawadi.

Hata Kitengela ya leo inathibitisha uzito wa swali hilo. Ranchi ya pamoja iligawanywa viwanja, hati zikauzwa, na karibu yake, Athi River, likazuka eneo la viwanda vya kuuza nje chini ya sheria ya 1990. Kumwita kibarua wa huko mtumwa ni kulidhalilisha neno na waliolibeba. Lakini Katiba ya 2010, katika Ibara ya 30, inakataza utumwa, utwana na kazi ya kulazimishwa kwa pamoja, kwa kuwa waandishi wake walijua kwamba minyororo si ya chuma pekee.

Uhuru wa Watumwa basi usiondolewe katika silabasi, wala usisomeshwe kama utenzi wa shukrani. Usomwe sambamba na ripoti ya Carter na mikataba ya Wamaasai, na mwanafunzi aulizwe kila ukurasa unyamazapo: ardhi iko wapi, na fidia alilipwa nani? Mhakiki asiyeuliza hayo amekubali kuwa karani wa waliolipwa.