Kompyuta Kuukuu kwa Kabati la Pinboli

Mafundi seremala wa Keko, wilayani Temeke, hawashindwi kuunda kabati la pinboli, ule mchezo wa gololi ya chuma inayorushwa kwa vibao viwili. Katika pinboli ya kompyuta gololi haipo. Huchorwa kwenye kioo kilicholazwa mahali pa meza. Kazi ngumu ni kuchagua kompyuta, na hapo ndipo fedha za vijana hupotea.

Wengi huvutiwa na Raspberry Pi, kadi ndogo iliyotolewa Uingereza mwaka 2012. Lakini Visual Pinball, programu mashuhuri ya mchezo huu, ilitungwa kwa ajili ya Windows, na meza zake nzito huilemea kadi hiyo. Yafaa zaidi kununua kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwisha kutumika, kama OptiPlex Micro. Nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 haina sababu ya kuzidharau kuukuu.

Kwa kawaida mashine hizo hazina kadi ya picha. Picha hukopa nafasi katika kumbukumbu kuu. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 4 hushinda kimoja cha 8, maana vyote husomwa kwa pamoja. Wauzaji hawapendi mashine ifunguliwe dukani; mnunuzi na asisitize. Kioo kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde huipa kila picha milisekunde 17 tu. Picha ikichelewa, kidole hukosa gololi.

Joto la Dar es Salaam nalo halina huruma. Kichakataji kikipata joto mno hujipunguzia kasi, hivyo kabati litobolewe matundu chini na kufungwa feni juu, kabla ya rangi kupakwa.