Chombo Kipya na Mfuko wa Mwalimu

Twataka kunena habari inayonong'onwa siku nyingi katika vyumba vya waalimu, toka Manyoni hata Iramba, wala haijanenwa sawasawa mbele ya wakubwa. Ndiyo habari ya vyombo vipya vya kufundishia, vile vipatikanavyo kwa njia ya intaneti. Watu wa namna mbili wanashindana juu ya vyombo hivi, na sisi twaona ya kuwa wote wawili wamepotea njia. Wa kwanza asema, mwalimu ashikaye kishikwambi darasani ni mvivu anayecheza. Wa pili asema, kishikwambi kitafanya kazi yote, hata darasa la watoto 80 litajifunza lenyewe. Huyo wa kwanza tutamjibu upesi, kwa maana hoja yake ni nyepesi kama pumba. Wa pili ana watu wengi nyuma yake, tena wenye fedha. Basi yeye tutaketi naye.

Vishikwambi hivi havikuja kama anasa. Vingi katika vile tulivyo navyo vilitumika kwanza katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na kazi hiyo ilipokwisha Serikali ikavigawa kwa waalimu. Katika Sensa hiyo mkoa wetu wa Singida ulionekana kuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 2. Basi chombo kilichopita nyumba kwa nyumba kuwahesabu watoto wetu, sasa kimo mkononi mwa yule awafundishaye kuhesabu. Ni mali ya watu wote iliyopewa kazi ya pili. Mtu akimwona mwalimu ameinamia kioo chake, na amwulize anasoma nini kabla ya kumhukumu.

Huenda anasoma kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandaoni, na jambo hili si dogo. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, kila mwalimu wa bara alijua ya kuwa kitabu cha karatasi chahitaji lori, na lori lahitaji barabara, na barabara ya wakati wa mvua twaijua. Ukurasa wa mtandaoni hauna habari na matope. Huenda tena anasoma hadithi. African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi fupi zenye picha, na nyingi zimo kwa Kiswahili. Mtu aruhusiwa kuzichukua, kuzichapa na hata kuzigeuza bila kulipa senti. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Nyingine ni fupi mno, kweli, na nyingine zahitaji kusahihishwa, lakini mwalimu atafutaye habari za Bonde la Ufa harudi mikono mitupu. Nao wenye televisheni wanajua jinsi katuni za Ubongo Kids, zilizoanza mwaka 2014, zinavyofundisha hesabu kwa nyimbo.

Na tuonyeshe jinsi hadithi moja iwezavyo kufaa. Watoto wengi wa vijiji vyetu huingia darasa la kwanza wakiwa na Kinyaturu au Kinyiramba kinywani, na kule Manyoni Kigogo. Kiswahili wamekisikia, lakini hawajakizoea. Mwalimu huchagua hadithi ya kurasa chache, ya mbuzi au ya mvua, yenye mstari mmoja au miwili kila ukurasa, naye huisoma jioni nyumbani. Asubuhi huandika maneno yake ubaoni, kisha hupita safu kwa safu akionyesha picha. Watoto hutaja wakionacho kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, kisha hulitafuta neno lile ubaoni na mmoja wao huja kulipigia mstari. Kishikwambi kimefanya kazi yake kwa dakika chache. Wakati uliobaki ni wa ubao, wa kinywa cha mwalimu, na wa daftari. Haya ndiyo matumizi tuyasifuyo, wala hayahitaji kishikwambi cha pili.

Sasa tuketi na yule wa pili. Yeye hupenda kutaja Tanga, na ni haki yake, kwa maana yaliyofanyika Tanga ni makubwa. Toka mwaka 2017 hata 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi katika vijiji karibu 170 vya mkoa ule, kwa watoto karibu 2,700, kwa msaada wa UNESCO na Serikali yetu. Programu zote zilikuwa za Kiswahili, na umeme ulitoka kwenye jua. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kusoma shule, na zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya wale wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Hatuibezi kazi hiyo. Lakini wasomaji waangalie vema ni jambo gani lililothibitika. Watoto wale walikuwa mahali pasipokuwa na mafundisho. Kwa hiyo lililothibitika ni kwamba kishikwambi kizuri ni bora kuliko kukosa mwalimu. Halikuthibitika kwamba ni bora kuliko mwalimu, wala hata hao waliokifanya hawakulipima hilo. Tena kila mtoto alikuwa na chake mwenyewe, masomo yalikuwa ndani ya chombo bila kuhitaji bando, na mitambo ya jua ilijengwa kijijini kwa ajili ya kazi ile tu. Mtu achukuaye matokeo ya Tanga na kuyaweka juu ya shule ya Ikungi yenye kishikwambi kimoja kwa mwalimu, darasa la watoto 80, na chaji ya kutafutwa dukani, huyo halinganishi, anaota mchana.

Na nje ya Tanga yako mambo mengine ambayo yeye hayataji. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule kwa mamia ya maelfu, na wachunguzi walipotazama matokeo mwaka 2012 hawakuona kwamba watoto wale wamepita wenzao katika hesabu wala katika lugha. Kompyuta zilikuja, mtu wa kuziingiza katika somo hakuandaliwa. Sisi wenyewe tuna mfano wa kinyume chake, nao ni wa zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kufundisha watu wazima karibu milioni 2 wa nchi hii habari za vyoo, maji na malaria. Je, ni redio peke yake iliyofanya hivyo? Hasha. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na kitabu cha kusoma, na baada ya kipindi watu walizungumza na kwenda kuchimba choo. Redio ilikuwa sauti tu. Kazi ilikuwa ya watu. Twashangaa ya kuwa jambo lililojulikana mwaka 1973 lahitaji kuelezwa tena leo kwa wenye shahada.

Wala wasitutishe wasemao ya kuwa akili bandia imemmaliza mwalimu. Tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022, mwalimu aweza kuomba andalio la somo na kulipata kabla chai haijapoa. Kiswahili chake mara nyingi ni safi. Mambo yake mara nyingine ni ya uongo, nayo husema kweli na uongo kwa uso uleule. Ajuaye somo lake atachagua ngano na kuacha makapi. Asiyejua atawalisha watoto yote.

Lakini hata hapo hatujafika penye uchungu. Uchungu ni huu: chombo alichopewa mwalimu kimekuwa jembe la ofisi kabla ya kuwa jembe la darasa. Asubuhi yatakiwa mahudhurio. Mchana yatakiwa picha ya uji wa watoto. Jioni yatakiwa takwimu za madawati, ambazo zilitumwa wiki iliyopita, zitumwe tena kwa umbo jingine. Yote hayo hupita katika intaneti, na intaneti hulipiwa. Nani alipaye? Mwalimu, kwa mshahara wake. Akisema hana bando, huambiwa kwamba hana ari. Twauliza waziwazi: je, mwalimu angeambiwa anunue rejista ya darasa kwa fedha yake? Angeambiwa anunue chaki? Kila mtu angesema ni aibu. Basi kwa nini bando, ambalo leo ndilo rejista na ndilo barua, lisihesabiwe kuwa kitu cha shule?

Labda mtu atajibu: "Waalimu hununua bando kila siku kwa mambo yao, hata kutazama mpira, wakitoa kidogo kwa kazi, wamepoteza nini?" Jibu hili tumelisikia kwa watu wenye heshima, nasi hatulioni kuwa na heshima. Mwalimu ana baiskeli yake vilevile. Hiyo si sababu ya kumtwisha magunia ya mahindi ya shule kila juma bila malipo. Tena hasara si ya mfuko tu. Bando likiisha kwa kutuma taarifa, hadithi ya mbuzi haipakuliwi, na mtoto wa darasa la kwanza hupoteza somo lile la picha tulilolieleza hapo juu. Mtoto huyo akifika darasa la nne hajui kusoma, watu hawaulizi bando lilikwenda wapi. Humwuliza mwalimu.

Twajua fedha za shule ni chache. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, wala hizo zote hazikufika shuleni, kwa kuwa sehemu yake ilibakizwa kununulia vitabu. Mwalimu mkuu hawezi kumnunulia kila mwalimu bando katika fedha hizo, wala hatudai hivyo. Iko njia ya bei nafuu, na wengi hawaitaji kwa sababu haina sherehe ya kukata utepe. Kuna programu ziitwazo Kiwix na Kolibri, nazo hutolewa bure. Ya kwanza huweka Wikipedia nzima ndani ya chombo, isomwe pasipo intaneti. Ya pili huweka masomo na vitabu katika kompyuta moja ndogo shuleni, na vishikwambi vilivyo karibu huvisoma kwa mawimbi ya mle mle chumbani, pasipo senti ya bando. Kazi ya kupakua hufanywa mara moja kwa muhula, mjini Singida au Kiomboi penye mtandao mzuri, kwa fedha ya shule, na mtu mmoja. Kisha shule hamsini zaweza kunakili kutoka kwake. Na umeme? Pasipofika nguzo, yatosha paneli ya jua moja juu ya paa la ofisi. Jua halijapata kuadimika Singida. Mvua ndiyo huadimika.

Kwa hiyo haya ndiyo tuyatakayo. Kila taarifa itakiwayo kwa mtandao itakiwe mara moja, kwa umbo moja, na gharama yake ionekane katika hesabu za yule aitakaye. Kila kata iwe na kompyuta moja ya kutunzia vitabu na hadithi, na mwalimu mmoja aliyefundishwa kuitumia, apunguziwe vipindi kwa ajili hiyo. Mafunzo yake yasiwe ya kubonyeza vitufe tu, bali ya kuingiza chombo katika somo, kama tulivyoonyesha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, na makadirio huandikwa miezi mingi kabla. Basi twawaomba madiwani wa halmashauri zote saba za mkoa huu, yaani Manispaa na Wilaya ya Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi, watuonyeshe katika makadirio yajayo kifungu cha intaneti ya shule za msingi kiko ukurasa gani. Kama hakimo, waseme hakimo, na waseme hivyo katika mkutano ambao waalimu wamealikwa.