Mipaka ya Mkwiro: Setilaiti moja, majibu mawili

KIJIJI cha Mkwiro, kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini katika Kaunti ya Kwale, kimetengwa na Shimoni kwa mkondo wa bahari. Mpimaji ardhi anayevuka mkondo huo akiwa na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti anaweza kurejea na majibu mawili tofauti kuhusu kona moja ya shamba, na yote mawili yakawa sahihi. Tofauti hiyo haitokani na ubovu wa chombo, bali na njia iliyotumika kuchakata data.

Suala hili si la wataalamu pekee. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilieleza kwa kina dhuluma za ardhi zilizowakumba wakazi wa Pwani. Mahali ambapo viwanja vya ufuoni vinawindwa na wawekezaji, kosa la mita moja laweza kuingiza ukuta wa jirani katika ua wa mvuvi.

Njia ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kipokezi kimoja kukokotoa mahali kilipo papo hapo, kama ifanyavyo simu ya mkononi. Tangu Mei 2, 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kosa la njia hii limepungua hadi mita chache. Kiwango hicho chatosha kumwonyesha mgeni kisima kilipo, lakini hakifai kuweka mpaka.

Njia ya pili ni ya ulinganishi. Vipokezi viwili hupima kwa wakati mmoja. Kimoja huwekwa juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana, na kingine huzungushwa kwenye kona za mashamba. Makosa yanayovikumba vyote viwili kwa pamoja hufutana, na matokeo huwa ya usahihi wa sentimita. Kazi hiyo yaweza kukamilishwa papo hapo kwa mawasiliano ya redio, au baadaye ofisini.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba hurithi kosa lolote la ile alama ya mwanzo, na hudhoofika kadiri umbali unavyoongezeka. Kituo cha kimataifa cha Malindi kiko takriban kilomita 200 kutoka Mkwiro. Kwa umbali huo, hali ya anga juu ya Malindi haifanani na ile ya Wasini, na mpimaji hulazimika kurekodi kwa saa kadhaa badala ya dakika.

Njia ya tatu, ijulikanayo kwa kifupi kama PPP, hutumia kipokezi kimoja pamoja na takwimu sahihi za njia na saa za setilaiti zinazotayarishwa na vituo vya kimataifa. Serikali ya Kanada hutoa huduma hiyo bila malipo kupitia mtandao. Huduma ya AUSPOS ya Australia nayo hupokea data ya kipokezi kimoja, lakini huilinganisha na vituo vya kimataifa vilivyo karibu. Takwimu za mwisho za setilaiti hupatikana baada ya wiki mbili hivi, na kipokezi huhitaji muda mrefu kabla ya majibu kutulia.

Aidha, Kwale iko karibu na Ikweta, ambako tabaka la juu la anga huyavuruga mawimbi, hasa baada ya magharibi katika miaka ya jua kali kama 2024. Kipokezi cha masafa mawili huondoa sehemu kubwa ya athari hiyo, lakini si yote.

Hata hivyo, hatari kubwa iko kwenye mfumo wa rejea. Ramani za zamani za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ambao hutofautiana na ule wa setilaiti kwa takriban mita 300. Juu ya hayo, bamba la ardhi linalobeba pwani husogea takriban sentimita 3 kila mwaka. Kona iliyopimwa kwa PPP mwaka 2005 ikipimwa tena mwaka 2025 itaonekana imehama kwa takriban sentimita 60, ilhali jiwe lake halijaguswa. Kwa njia ya ulinganishi mhamo huo hauonekani, kwa kuwa alama na shamba husogea pamoja.

Kwa kijiji kama Mkwiro, basi, busara ni kuweka alama ya kudumu kisiwani, kuiunganisha na alama za serikali zilizoko bara, kuihakiki kwa PPP, kisha kupima mashamba yote kutokana nayo. Kinachomlinda jirani dhidi ya jirani ni wote kupimwa kutoka chanzo kimoja. Pakiwa na wapimaji wawili wenye njia mbili na mifumo miwili, mgogoro utazaliwa hata kama kila mmoja ni hodari.

Sheria nayo haimpi kipokezi neno la mwisho. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huichukulia mipaka ya ramani kuwa ya kukadiria, isipokuwa imethibitishwa chini ya kifungu cha 19, ambacho humtaka msajili awaarifu wamiliki na wakazi wa ardhi zinazopakana na kuwapa nafasi ya kusikizwa.

Mwananchi anayeitwa kushuhudia shamba lake likipimwa ana haki ya kuuliza maswali matatu: vipimo vimeanzia alama ipi, viko katika mfumo upi, na ni vya tarehe gani. Majibu hayo yasipoandikwa kwenye kumbukumbu za upimaji, warithi wake hawatakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba jiwe la mpaka halikuhamishwa.