Kabla hujapiga Windows, nisikilize kidogo

Haya wadau, nimeadimika hapa karibu wiki tatu. Kuna waliodhani nimedisko, kuna mmoja kanitumia meseji kuuliza kama bumu limekata hadi nimekosa bando. Bumu limekata kweli, lakini sababu siyo hiyo. Nilikuwa nahangaika na kompyuta ya mzee mwenye nyumba wangu hapa Kihesa, Iringa, na nimetoka huko na hasira ambayo leo naitua hapa.

Hasira yenyewe ni hii: tuna ugonjwa wa kupiga Windows. Kompyuta ikipiga chafya, piga Windows. Printa haionekani, piga Windows. Umesahau password, piga Windows. Yaani ni kama mtu anaumwa jino halafu daktari anamkata shingo, kisha anamwambia tayari, maumivu yameisha. Wala siwasemi mafundi peke yao. Sisi wateja ndio tunaolipa, tena tunashukuru.

Sasa nisikilizeni. Mwenye nyumba wangu ni mwalimu mstaafu, na wapangaji wote tunamwita Mwalimu. Ana desktop ya zamani sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama vile ni redio ya mwaka 47. Tangu 2006 anapokea barua pepe zake kwa programu ya Thunderbird. Mwaka huo binti yake alikwenda kusoma Uingereza, na alikuwa akimwandikia baba yake karibu kila wiki. Binti alifariki 2010, huko huko. Hii habari mimi sikuijua mpaka siku ya tukio, na nina miaka miwili kwenye ile nyumba.

Jumamosi moja mjukuu wake wa kidato cha pili akawasha kompyuta. Thunderbird ikauliza kama ibane folda ili kuokoa nafasi. Mwalimu siku zote akiulizwa swali hilo anabonyeza hapana, kwa sababu kanuni yake ni kwamba usikubali kitu ambacho hukukiomba. Dogo akabonyeza ndiyo. Katikati ya kazi hiyo umeme ukakatika, na UPS hakuna. Umeme uliporudi, wakafungua Inbox, ikawa nyeupe pee.

Mwalimu akaita fundi. Mimi nilikuwa napita kupeleka hela ya maji.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Ingia, uje uone msiba."

Fundi alikuwa kijana mstaarabu tu, ana begi lake na CD zake. Kakaa dakika kumi, kafungua, kafunga, kisha katoa hukumu: mzee, hapa dawa ni kupiga Windows, elfu ishirini, jioni unachukua. Nikamuuliza, "Kaka, umeziangalia faili zenyewe?" Akaniambia, "Faili gani dada, si unaona Inbox iko tupu?"

Hapo ndipo penye kosa letu, na naomba mnivumilie nipaeleze polepole. Ile orodha ya barua unayoiona kwenye kioo siyo barua. Ni kama daftari la maktaba pale mlangoni. Daftari likilowa maji, vitabu bado viko kwenye rafu. Fundi aliona daftari limelowa, akataka kuchoma maktaba.

Mtu atasema, si angeingia tu kwenye intaneti azikute huko? Hapana. Mwalimu alikuwa anatumia mfumo wa POP, ule ambao kwa mpangilio wa zamani programu inashusha barua kwenye kompyuta yako halafu inazifuta kwenye seva. Enzi za intaneti ya kupiga simu huo ulikuwa uungwana, kwa sababu nafasi kwenye seva ilikuwa ndogo na ulilipa kwa dakika. Kampuni iliyompa ile anwani ilishafunga biashara miaka mingi. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja tu duniani, kwenye diski ile, chini ya kitambaa cha kudarizi.

Nikamwomba Mwalimu anipe siku mbili kabla ya zile elfu ishirini. Fundi akacheka, akaondoka. Sikumlaumu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutofanya kitu. Nilifunga Thunderbird, nikaazima diski ya nje kwa rafiki yangu wa darasani, nikakopi folda nzima ya programu ile. Kwenye Windows unaandika %APPDATA% pale pa kutafutia, unaingia Thunderbird, kisha Profiles, unakuta folda yenye jina la ajabu ajabu la herufi zisizosomeka. Hiyo ndiyo mali. Nikakopi mara mbili. Mtu anayeanza kutengeneza kabla ya kukopi hana tofauti na anayepiga Windows, tofauti ni spidi tu.

Ndani yake, kwenye folda ya Mail, nikakuta vitu vitatu. Faili inaitwa Inbox, haina mkia wowote wa jina, ina MB karibu 380. Faili inaitwa Inbox.msf, ya KB chache. Na faili moja inaitwa nstmp, ya MB 90 na kitu. Jamani, nilipoona ile 380 nilipiga kelele mpaka mjukuu akaja mbio. Inbox tupu haiwezi kuwa na MB 380!

Ilikuwa hivi. Thunderbird inapobana folda, inakopi barua zilizo hai, moja moja, kwenye faili la muda, ndiyo hiyo nstmp. Ikimaliza ndipo inaliweka hilo mahali pa Inbox ya zamani. Umeme ulikata kabla haijamaliza, kwa hiyo Inbox ya zamani ilikuwa nzima, haijaguswa. Kilichokufa ni msf, yaani lile daftari la mlangoni. Programu ikiwa imefungwa nikaifuta Inbox.msf, nikafungua tena, ikaanza kuhesabu upya yenyewe. Dakika chache barua zikaanza kumiminika kuanzia 2006. Kuna njia ya upole zaidi: unabonyeza folda kwa kitufe cha kulia, unaingia Properties, unachagua Repair Folder. Ni kitu kile kile. Ila ole wako ukichanganya ukafuta ile isiyo na mkia. Hiyo ndiyo barua zenyewe.

Ningeweza kuishia hapo nikala sifa. Lakini Mwalimu alikaa, akavaa miwani, akatafuta jina la binti yake, akakuta za 2006 mpaka 2008. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hizi nyingine nilizifuta mwenyewe. Mwaka ule ule."

Sikujua niseme nini. Nina miaka ishirini na mbili, hayo mambo hatujafundishwa.

Lakini nilikuwa najua kitu kimoja kuhusu Thunderbird, na ndicho kilichonikosesha usingizi usiku ule. Ukifuta barua kwenye Inbox, haitoki. Programu inaiwekea alama tu kwamba hii asionyeshwe mtu. Kopi yake inakwenda Trash, na hata ukimwaga Trash, ile ya asili inabaki kwenye faili la Inbox ikiwa imefichwa, mpaka siku folda itakapobanwa. Na folda ya Mwalimu haikuwahi kubanwa, kwa sababu ya ile kanuni yake ya kubonyeza hapana. Mjukuu ndiye aliyetaka kuzifuta kabisa bila kujua, na umeme uliokatika ndio ulioziokoa. Sisi tunaoutukana umeme kila siku hebu tutulie kidogo.

Nikamweleza Mwalimu. Sikuzirudisha kwanza, nilimweleza na kumuuliza. Hapa nina msimamo na nitautetea: barua aliyoifuta mwenyewe kwa uchungu siyo sawa na barua iliyopotea. Fundi, au mwanafunzi anayejifanya fundi kama mimi, hana haki ya kumfufulia mtu kitu kwa sababu tu anajua namna. Mzee akasema atafikiri. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Iringa inauma masikio, akagonga mlango wangu. "Zirudishe."

Kazi yenyewe ni ya kichovu lakini siyo ngumu. Lile faili la Inbox ni maandishi ya kawaida, barua zote zimefuatana kama gazeti lisilo na kurasa. Kila moja inaanza na mstari wenye neno From na nafasi moja. Chini yake kidogo kuna mstari unaoitwa X-Mozilla-Status wenye tarakimu nne. Barua iliyosomwa ina 0001. Iliyosomwa kisha ikafutwa ina 0009, kwa kuwa 8 ndiyo alama ya kufutwa, na 8 na 1 ni 9. Unabadilisha 9 kuwa 1, hugusi herufi nyingine yoyote, unahifadhi, unafuta msf, unafungua. Basi. Notepad ya kawaida iligoma kabisa na MB zote zile, nikatumia Notepad++.

Ningeweza kubadilisha 0009 zote kwa mpigo mmoja, lakini zingerudi na takataka zote za miaka kumi na kitu, matangazo ya dawa na wana wa wafalme wanaogawa mamilioni. Nikatafuta anwani ya binti tu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa 61. Usiku nne. Picha alizotuma nazo zimeandikwa humo humo kwa herufi, mistari na mistari ya vitu visivyosomeka, unashuka nayo mpaka kidole kinakufa ganzi. Nilijiwekea sharti la kuangalia mistari ya juu tu, nani katuma na tarehe gani. Moja nilisoma. Sitaisema hapa.

Sasa nirudi kwenye hasira. Tunasomea ualimu. Kwenye somo letu la kompyuta tumeandika sehemu za kompyuta, tumechora CPU, tumekariri tofauti ya RAM na ROM, na kwenye test nikapata alama nzuri tu. Hakuna siku hata moja tuliyofundishwa kazi zetu zinakaa wapi. Mwanafunzi anaandika ripoti ya BTP miezi miwili, ukimwuliza iko wapi anakwambia iko kwenye Word. Hiyo ni sawa na kusema fedha yangu iko kwenye kaunta. Na mwakani huyu huyu anakwenda kukabidhiwa kompyuta ya shule yenye matokeo ya watoto mia nne, na ikigoma atamwita fundi, na fundi atapiga Windows.

Najua watakaosema hayo ni ya wazee, sisi tuna Gmail. Poleni. Kwenye Gmail ukifuta, inakaa Trash siku 30 halafu imekwenda, na ukiifuta kwenye simu imefutika kila mahali, kwa sababu vyote vinatazama sanduku moja. Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti za watu zisizoguswa miaka miwili. Hebu fikiria akaunti ya marehemu. Na ukiomba nakala ya barua zako zote kupitia huduma yao ya Takeout, unajua wanakupa nini? Faili moja refu la mbox, lenye mistari ile ile ya From. Ni lile lile la Mwalimu, limevaa suti.

Kuhusu mafundi, nisiwaonee. Fundi analipwa kwa kupiga Windows, halipwi kwa kukaa usiku nne anatafuta tisa. Sisi ndio tuliopanga hiyo bei. Na kuna siku kupiga Windows ni sawa, kompyuta imejaa virusi hata haifunguki. Ninachodai ni swali moja tu kabla: vitu vya mwenyewe viko wapi, na nakala iko wapi? Ikishapigwa na diski ikafomatiwa, kuna programu kama PhotoRec zinazochimba mabaki, lakini faili refu kama lile mara nyingi linatoka vipande vipande, na kwenye diski mpya za SSD mara nyingi hata vipande huvikuti. Na diski ikianza kulia kwa-kwa-kwa, zima, usijaribu chochote nilichoandika hapa.

Yule fundi alirudi wiki iliyopita kuulizia kazi yake. Mwalimu akamwonyesha. Alikaa kwenye kiti, akaniambia, "Dada, hebu nionyeshe hiyo ya msf." Nikamwonyesha, akaiandika nyuma ya boksi la simu.

Nakala moja sasa iko Dodoma kwa mwanawe mwingine, nyingine iko kwenye fleshi ndani ya kopo la majani ya chai, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyechagua kopo. Mjukuu karudi shule. Na kwa wale mtakaouliza, kodi ya mwezi huu nimelipa kama kawaida.