Ameolewa Kwale, anaogopa kupanda basi la Nairobi



Kuna dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, ameolewa upande wa Kwale huu mwaka wa tano. Ana watoto wawili. Wa pili hajamaliza mwaka na amezaliwa na tatizo la moyo. Daktari wa Mombasa akaandika barua kwamba mtoto apelekwe Nairobi kuonwa na mtaalamu. Basi la usiku likaondoka na baba, nyanya na mtoto. Mama mwenye kunyonyesha akabaki nyumbani, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "mimi sina karatasi."

Nikamuuliza, karatasi gani? Akaingia ndani akatoka na bahasha. Pasipoti ya Tanzania, bado haijaisha. Pasi ya mtegemezi, imebaki miezi minne. Kadi ya mgeni. Cheti cha ndoa. Risiti ya eCitizen ya ombi la ukaazi wa kudumu. Jamani, huyu ana karatasi kunishinda mimi niliyezaliwa Likoni!

Kilichomwisha ni moyo. Mwaka jana alisafiri na mumewe, wakafika kwenye kizuizi cha polisi, askari akaona pasipoti ya nchi nyingine akamwambia ashuke. Eti ombi lake bado halijajibiwa, kwa hivyo haruhusiwi kutoka kaunti anayoishi. Mume akajaribu kueleza. Abiria nao, Waislamu wenzetu wengi tu ndani ya basi lile, wakaanza kupiga kelele: shusheni huyo mama, tunachelewa! Mwisho zikatoka elfu mbili mfukoni na basi likaendelea. Tangu siku hiyo hajavuka Mariakani.

Sasa wewe unayesoma hapa, kama una mke, mume, mkwe ama jirani aliye katika hali hii, shika hili vizuri: hakuna sheria ya Kenya inayomfungia mwenzi wa Mkenya ndani ya kaunti moja kwa sababu tu ombi lake la ukaazi wa kudumu linasubiri jibu. Kifungu cha 39 cha Katiba kinasema kila mtu ana uhuru wa kutembea. Kila mtu, si kila raia. Walioandika walijua tofauti, maana kwenye kifungu hicho hicho, walipofika kwa haki ya kuingia nchini na kuishi popote, wakaandika "kila raia." Na mahakama zetu hazikulichukulia neno hilo kama pambo. Mwaka 2013, katika kesi iliyopelekwa na Kituo cha Sheria na wenzake, Mahakama Kuu ilifuta agizo la serikali la kuwaondoa wakimbizi mijini na kuwarudisha kambini, na uhuru wa kutembea ulikuwa miongoni mwa sababu. (Kama mwenzi wako amesajiliwa kama mkimbizi kambini Dadaab au Kakuma, yeye bado anadaiwa kibali cha kusafiri kutoka kambini. Hilo lina utaratibu wake, usilichanganye na hili.)

Kwa hivyo askari ana haki ya kuuliza, "wewe ni nani na uko nchini kwa njia gani?" Hana haki ya kubuni mpaka katikati ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi.

Lakini nitakuwa mkweli, maana kuna upande wa pili ambao wengi wetu hatupendi kuusikia. Risiti ya ombi si pasi. Ile risiti inaonyesha umeomba, haikupi ruhusa ya kuishi. Kinachokuweka nchini kihalali wakati unasubiri ni ile pasi uliyo nayo, iwe ya mtegemezi ama nyingine, na ikiisha leo, kesho uko nchini kinyume cha sheria hata kama faili yako iko mezani kwa mkurugenzi mwenyewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 si ya mchezo hapo: faini hadi shilingi 500,000, ama kifungo hadi miaka mitatu, ama vyote viwili. Nimeona watu wanaacha pasi inaisha kwa sababu "tushaomba, tunangoja." Usingoje hivyo. Angalia tarehe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Ikiwa imebaki miezi miwili, anza kuhuisha.

Tena kuna mkanganyo wa miaka. Mwenzi wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikifika miaka mitatu. Uraia ni jambo lingine, huo Kifungu cha 15 kinataka ndoa iwe imefika miaka saba. Dada wetu wa Kwale wa miaka mitano amefikia cha kwanza, hajafikia cha pili. Na watoto wake hawasubiri chochote. Baba yao ni Mkenya, wao ni Wakenya wa kuzaliwa. Yule mtoto mgonjwa ana haki zote za raia, ni mama yake tu anayetetemeka.

Nikija kwetu sisi wanaume. Wallahi kesi nyingi zinazotufikia hazianzii kwa askari. Zinaanzia nyumbani. Nikahi imesomwa msikitini, mashahidi wapo, mahari yametolewa, biriani imeliwa, halafu cheti hakijafuatwa mpaka leo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya Kiislamu sawasawa na nyingine yoyote, lakini inataka isajiliwe. Mbele ya Allah ni mkeo. Mbele ya dirisha la uhamiaji, bila cheti, ni mwanamke mgeni anayeishi nyumbani kwako. Kumfuatilia cheti ni sehemu ya kumhudumia, kama vile chakula na mavazi.

Na kuna wale ambao, Allah awaongoze, wanaona raha mambo yakae hivyo. Pasipoti ya mke imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mume. Akitaka kwenda kumuona dada yake Malindi anaambiwa, "toka uone, utashikwa." Akigombana na mume anatishiwa kuripotiwa. Huyo hamlindi mkewe na polisi, amejifanya polisi mwenyewe. Masheikh, hili liingieni kwenye hotuba za Ijumaa. Na wewe dada, pasipoti hiyo ni yako. Ikae mahali unapoweza kuifikia mwenyewe, na picha za kila ukurasa ziwe kwenye simu ya mtu unayemwamini.

Wanaume wageni walioolewa na dada zetu wasidhani nimewasahau. Kabla ya 2010 mwanamke Mkenya hakuwa na njia ya kumpatia mumewe mgeni uraia kwa ndoa, njia hiyo ilikuwa ya wake tu. Katiba mpya ikaifungua kwa wote. Lakini mzee wa Kiyemeni ama kijana wa Kisomali akisema kwenye kizuizi "nimeoa hapa," bado anachekwa. Wengi wao wanakumbuka Usalama Watch ya Aprili 2014, watu walivyokusanywa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani, hata waliokuwa na vitambulisho. Usimlaumu mtu kama huyo akiogopa kupanda basi.

Basi siku ya safari, beba pasipoti halisi, si kopi. Treni ya SGR na ndege za ndani zitakuuliza kitambulisho ama pasipoti, na pasipoti ni ile ile halali ya nchi yako. Weka pamoja pasi yako, kadi ya mgeni, kopi ya cheti cha ndoa na kopi ya kitambulisho cha mwenzi wako. Ukisimamishwa, jibu kwa upole, usikimbie, usirushe maneno. Uliza jina lake na nambari yake ya kazi, uandike. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinasema uambiwe sababu mara moja na kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuzungumza na wakili, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Kama saa hizo zinaishia siku isiyo ya korti, basi ni siku ya korti inayofuata, ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni ni balaa. Julisha mtu mapema, kabla simu haijachukuliwa. Na hiyo elfu mbili, najua ni rahisi mimi kusema nikiwa nimekaa, lakini kila anayeitoa anamwekea bei dada atakayefuata.

Ofisi nazo zisidhani tumezisahau. Kifungu cha 47 kinadai maamuzi ya haraka na ya haki, na ukinyimwa haki yako una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kama ombi limekaa kimya, andika barua, weka kopi iliyopigwa muhuri. Ukishindwa kuandika, njoo tuandike pamoja, hatulipishi.

Na wewe abiria ambaye huna shida yoyote ya karatasi. Siku ukiona mama anashushwa usiku na mtoto mgongoni, usiangalie dirishani. Shuka naye. Simama pale. Basi haliwezi kuondoka na viti viwili vitupu kirahisi kama linavyoondoka na kimoja.

Mtoto wa Kwale alionwa na daktari, alhamdulillah, amepewa tarehe ya kurudi Nairobi mwezi ujao. Mama yake amehuisha pasi wiki iliyopita. Mmoja wetu atasafiri naye.